Shajara ya mradi: sakafu ya bahari na njia za mikondo

Januari: mfereji mtupu

Mradi huu una swali moja: mkondo unaotembea karibu na uso wa bahari unaufuataje mgongo wa mwamba ulio kilomita tatu au nne chini yake? Upepo husukuma maji kutoka juu, na jua hupasha kutoka juu. Hata hivyo, ukiweka ramani ya mikondo juu ya ramani ya kina, mikunjo mingi inaangukia pale pale penye matuta na nyufa. Mkondo unaoizunguka Antaktika huambaa na ukingo wa Uwanda wa Campbell, kusini mwa New Zealand. Mkondo wa Atlantiki Kaskazini huvuka mgongo wa katikati ya Atlantiki karibu na latitudo 52 Kaskazini, mahali ambapo mgongo huo umekatwa na ufa wa Charlie-Gibbs. Katika Bahari ya Hindi, Mkondo wa Ikweta Kusini ukitokea mashariki hukutana na Uwanda wa Mascarene, na karibu nusu ya maji yake hubanwa kupita kwenye pengo lililo kati ya fungu la Saya de Malha na fungu la Nazareth.

Najenga vitu viwili sambamba: modeli ndogo inayoendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, na beseni linalozunguka ambamo macho yataona kile ambacho modeli inakitoa kwa tarakimu. Nimeanza na bahari isiyo na chochote chini. Ni mfereji unaoizunguka dunia katika latitudo za Mlangobahari wa Drake, ulio kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kina mita 4,000 kila mahali, upepo wa magharibi ukivuma bila kukoma. Latitudo hizo zina upekee wake: ndipo pekee duniani ambapo maji yanaweza kuzunguka sayari nzima bila kugonga bara.

Mkondo uliongezeka kasi, ukaendelea kuongezeka, na haukutulia mpaka msuguano wa sakafu ulipokuwa mkubwa kiasi cha kuushika. Kufikia hapo ulikuwa unabeba maji mengi kupita kiasi ukilinganisha na mkondo halisi. Kipimo cha mikondo mikubwa ni Sverdrup, iliyopewa jina la Harald Sverdrup wa Norway. Sverdrup moja ni mita za ujazo milioni moja kwa sekunde. Vyombo vilivyolazwa kwenye sakafu ya Mlangobahari wa Drake kati ya 2007 na 2011, katika mradi wa cDrake, vilipata takribani Sverdrup 173. Mfereji wangu mtupu uliipita namba hiyo mapema na kuiacha mbali. Upepo ni uleule, maji ni yaleyale, dunia inazunguka vilevile. Kilichokosekana ni umbo la chini.

Februari: tuta moja

Nimeweka tuta moja tu likikatiza mfereji kutoka kaskazini hadi kusini, lenye kimo cha mita 1,500 na miteremko ya taratibu. Sijagusa kingine chochote. Mkondo umeanguka hadi sehemu ndogo ya ule wa mwanzo, na umetulia haraka.

Walter Munk na Erik Palmén waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1951. Walijiuliza nguvu ambayo upepo unaitia kwenye mkondo wa Antaktika inaishia wapi, maana hakuna pwani ya kuipokea, na msuguano wa sakafu ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Jibu lao lilikuwa kwamba matuta ndiyo yanayoibeba. Shinikizo la maji upande wa magharibi wa tuta linakuwa kubwa kuliko upande wa mashariki, na tofauti hiyo inalisukuma tuta kuelekea mashariki. Kwa kuwa tuta haliendi popote, nalo linayasukuma maji kurudi magharibi kwa nguvu ileile. Upepo unasukuma maji, maji yanasukuma mwamba, na mwamba unapeleka msukumo kwenye dunia ngumu.

Kwa nini shinikizo kubwa likae magharibi? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi mwezi huu, kwa sababu vitabu vingi hulipita kwa sentensi moja. Katika nusu ya kusini ya dunia, kani ya Coriolis, inayotokana na kuzunguka kwa dunia, huvuta maji kuelekea kushoto, kwa hiyo mkondo uliotulia huwa na shinikizo kubwa mkono wake wa kushoto. Mkondo unaoenda mashariki ukifika kwenye tuta hupinda kuelekea kaskazini. Mtu akitazama kaskazini, kushoto kwake ni magharibi. Basi juu ya tuta shinikizo kubwa linaangukia magharibi, na dogo mashariki. Baadaye mkondo unarudi kusini, lakini unarudi polepole na mbele zaidi, ukishaliacha tuta nyuma, ndiyo maana pande mbili za tuta hazifutani. Modeli huigawa bahari katika gridi ya visanduku; nimechapa shinikizo la kila kisanduku kando ya tuta, magharibi na mashariki kwa kina kilekile, nikajumlisha tofauti zote. Jumla yake inakaribia kabisa msukumo wa upepo kwenye mfereji wote. Kilichobaki kwa ajili ya msuguano ni kidogo sana.

Machi: kwa nini mkondo unapinda

Kanuni inayoongoza yote haya inahusu nguzo ya maji, yaani maji yote yaliyo kati ya uso na sakafu mahali fulani. Nguzo hiyo inazunguka pamoja na dunia hata kama mkondo wake umetulia kabisa. Kiasi cha mzunguko huo hutegemea latitudo: ni sifuri kwenye ikweta na kikubwa zaidi kwenye ncha. Nguzo ikifinywa na sakafu inayopanda, inanenepa na mzunguko wake unataka kupungua. Ikivutwa na sakafu inayoshuka, inakonda na mzunguko wake unaongezeka. Kwa mikondo mipana na ya taratibu, uwiano wa mzunguko wa dunia kwa kimo cha nguzo hubaki vilevile nguzo inaposafiri. Kwa hiyo nguzo inayofinywa ina njia moja rahisi: kuhamia mahali ambapo dunia yenyewe inatoa mzunguko mdogo zaidi, yaani kuelekea ikweta.

Nimefanya hesabu moja kwa mkono ili nione ukubwa wa jambo. Nguzo ipo latitudo 50 Kusini, kina mita 4,000. Inafika kwenye uwanda wenye kina cha mita 3,500. Kimo kimepungua hadi asilimia 87.5, kwa hiyo mzunguko wa dunia nao lazima ushuke hadi asilimia 87.5. Mzunguko huo hufuata saini (sine) ya latitudo: saini ya nyuzi 50 ni 0.766, ukizidisha kwa 0.875 unapata 0.670, ambayo ni saini ya nyuzi 42.1. Nguzo hiyo inatakiwa kusogea takribani nyuzi 8 kuelekea kaskazini, zaidi ya kilomita 850. Mita 500 za mwamba, zilizo kilomita tatu na nusu chini ya mawimbi, zinahamisha njia ya maji kwa umbali wa mamia ya kilomita! Nimerudia hesabu hii mara kadhaa kwa kuwa ilinishangaza, na haibadiliki.

Bahari halisi haipindi kwa kiasi chote hicho, kwa sababu maji yake yamepangika kwa matabaka. Hilo nitalifikia.

Machi, mwishoni: beseni

Beseni ni la plastiki angavu, la mviringo, limekaa juu ya meza inayozungushwa na mota ndogo kwa mizunguko takribani kumi kwa dakika. Maji yana kimo cha sentimita 20. Katikati ya njia, kati ya kitovu na ukingo, nimegundisha kisahani kinene chenye kimo cha sentimita 5. Kamera imefungwa juu, inazunguka pamoja na meza, ili picha ionyeshe beseni kana kwamba limesimama.

Subira ndiyo kazi kubwa. Maji lazima yaachwe yazunguke mpaka yote yaende pamoja na beseni, bila sehemu kuchelewa. Inachukua zaidi ya dakika 20. Halafu napunguza mwendo wa mota kwa kiasi kidogo mno. Beseni linapunguza, maji yanaendelea na mwendo wa zamani kwa muda, na hivyo yanatembea taratibu kukipita kisahani. Hapo nadondosha rangi kwenye uso wa maji, mbele ya kisahani.

Rangi inasafiri kama uzi ulionyooka. Ikifika mahali ambapo chini yake kuna ukingo wa kisahani, inagawanyika. Nusu inapita upande mmoja, nusu upande mwingine, zinakutana tena ng'ambo. Kati ya rangi na kisahani kuna sentimita 15 za maji matupu. Hakuna kinachoonekana kinachozuia rangi isipite moja kwa moja, na haipiti. Tone nililodondosha juu ya kisahani chenyewe lilibaki pale pale, likijizungusha polepole, huku maji ya pembeni yakiendelea na safari. Joseph Proudman alilitabiri hili kwa hesabu mwaka 1916, na Geoffrey Ingram Taylor akalionyesha maabara mwaka 1923, na nguzo hiyo ya maji yaliyofungwa juu ya kikwazo ikabeba jina la Taylor.

Nikipunguza mota kwa kiasi kikubwa zaidi, maji yanakipita kisahani kwa kasi, nguzo inavunjika na rangi inapita juu kana kwamba chini hakuna kitu. Mpaka uko pale nadharia inapousema: kasi ikilinganishwa na mzunguko na upana wa kikwazo lazima iwe ndogo kuliko sehemu ya kina ambayo kikwazo kinaichukua. Mikondo ya bahari kuu ni ya taratibu na milima yake ni mipana, kwa hiyo bahari iko upande wa nguzo kushika. Mwenzangu ninayefanya naye kazi hii ameomba video ya tone lile irekodiwe upya kwa mwanga mzuri zaidi, nami nakubaliana naye; hakuna sehemu ya mradi inayoeleweka haraka kwa mtu mgeni kama hiyo.

Aprili: matabaka

Maji ya beseni ni ya aina moja kutoka juu hadi chini. Ya bahari siyo: ya juu ni mepesi na ya joto, ya chini ni mazito na baridi, na tofauti hiyo ya msongamano huyazuia matabaka yasisukumane kwa urahisi. Tabaka linaweza kutembea huku la chini yake likizuiwa na tuta. Kwa hiyo swali la Januari linahitaji kuulizwa upya: athari ya tuta inapanda hadi kimo gani?

Kuna kipimo rahisi. Chukua upana wa tuta, uzidishe kwa mzunguko wa dunia mahali hapo, ugawe kwa nguvu ya utengano wa matabaka. Katika kina cha bahari, mbali na ikweta, uwiano wa hivyo viwili vya mwisho ni karibu moja kwa kumi. Mlima wenye upana wa kilomita 10 basi unasikika takribani kilomita 1 juu yake, na hapo unafifia. Tuta lenye upana wa kilomita 100 linasikika kilomita 10 juu, na bahari haina kina hicho, maana yake linasikika mpaka juu kabisa.

Hili ndilo nililolishika kuliko yote kufikia sasa. Kimo cha mlima ndicho kinachovutia macho kwenye ramani, lakini upana ndio unaoamua kama mkondo wa juu utajua kuwa mlima upo. Mlima mwembamba na mrefu unapangua maji ya jirani yake tu. Uwanda mpana usio na kimo cha kutisha unapinda mkondo mzima.

Ndiyo maana pia mkondo wa Antaktika unatii sakafu kuliko mikondo ya tropiki. Kule kusini utengano wa matabaka ni dhaifu na mzunguko wa dunia ni mkubwa. Mkondo unafika karibu na sakafu na unaelekea upande uleule juu na chini. Uwanda wa Kerguelen, kusini mwa Bahari ya Hindi, unausukuma mkondo huo ugawanyike, sehemu kubwa ikipita kaskazini yake na nyingine ikipenya kwenye bonde la Fawn lililoukata uwanda huo katikati. Karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unakaribia kuisha, matabaka hushinda na mikondo ya juu hupita juu ya milima mirefu bila kugeuka sana.

Mei: ramani

Sasa nahitaji sakafu ya kweli. Natumia gridi ya GEBCO, mpango wa ramani ya kina cha bahari zote ulioanzishwa mwaka 1903 chini ya Mwanamfalme Albert I wa Monaco. Gridi yake ya leo ina visanduku vya sekunde 15 za tao, chini kidogo ya nusu kilomita kwenye ikweta.

Ukubwa huo wa kisanduku usimdanganye msomaji. Sehemu kubwa ya visanduku hivyo haijawahi kupitiwa na meli yenye sona, chombo kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti. Mradi wa Seabed 2030 ulipoanza mwaka 2017, karibu asilimia 6 tu ya sakafu ndiyo iliyokuwa imepimwa kwa kiwango cha kisasa. Kufikia 2024 ilizidi robo kidogo. Kwingine kina kinakadiriwa kwa setilaiti, kwa njia ninayoiona kuwa moja ya fikra nzuri kuliko zote katika elimu ya bahari. Mlima wa chini ya maji una uzito, uzito una mvuto, na mvuto huo unayakusanya maji juu ya mlima. Mlima wenye kimo cha mita 2,000 unainua uso wa bahari kwa takribani mita 2. Setilaiti hupima uso huo, na Walter Smith na David Sandwell walichapisha mwaka 1997 ramani ya dunia nzima ya kina iliyounganisha vipimo hivyo na vya meli. Kasoro yake ni kwamba maji yaliyo kati ya mlima na uso yanalainisha kila kitu. Umbo lenye upana wa kilomita chache halionekani.

Modeli yangu haiwezi kubeba hata hicho kilichopo. Nimeweka visanduku vya nyuzi 1, takribani kilomita 111 kwenye ikweta, na kila kisanduku kinapewa wastani wa vina vyote vilivyomo. Matabaka ni matatu. Sehemu ya miezi iliyobaki ni kuona wastani huo unaokoa nini na kuua nini.

Juni: juu panafanana

Habari njema kwanza. Modeli yenye sakafu ya wastani imetoa mikondo ya juu inayofanana na ile halisi kwa namna inayoridhisha. Mkondo wa Antaktika umepinda pale unapopaswa kupinda. Mfereji mtupu wa Januari haukuweza lolote kati ya hayo.

Kwa kina cha kati nimetumia maboya ya Argo, yale ambayo hukaa mita 1,000 chini, yakielea na maji kwa siku takribani kumi, kisha hushuka hadi mita 2,000 na kupanda juu yakipima joto na chumvi kabla ya kutuma taarifa kwa setilaiti. Tofauti ya mahali kati ya kupanda mara moja na nyingine inaonyesha maji ya mita 1,000 yameenda wapi. Nimechagua bahari zilizo kati ya Norway, Iceland na Greenland, kwa sababu utengano wa matabaka huko ni dhaifu. Nilichora kwanza mistari ya uwiano wa mzunguko kwa kina, halafu nikaweka njia za maboya juu yake. Maboya yanazunguka mabonde kinyume cha saa, yakiambaa na miteremko, na kuvuka mistari ni nadra. Boya moja nililolifuata kwa karibu lilifika kwenye ncha ya mteremko unaogeuka ghafla, nalo likageuka kwenye hatua mbili zilizofuata, kisha likaendelea na upande mpya. Maboya ya modeli, yaliyowekwa mahali palepale, yanazunguka mabonde yaleyale kwa upande uleule.

Mtu angeweza kuishia hapa na kusema sakafu ya wastani inatosha.

Julai: chini panakatika

Nimetia rangi ya kubuni kwenye tabaka la chini kabisa, karibu na Antaktika, ili nione maji baridi ya huko yanasambaa vipi Atlantiki. Njia halisi inajulikana. Upande wa mashariki wa Atlantiki ya kusini umefungwa na Mgongo wa Walvis, kwa hiyo maji hupanda upande wa magharibi: yanajaza bonde la Argentina, yanapenya kwenye Mfereji wa Vema wenye kizingiti, yaani sehemu ya njia yenye kina kidogo kuliko zote, cha takribani mita 4,600, yanaingia bonde la Brazil. Yakikaribia ikweta yanakuta ufa wa Romanche umeukata mgongo wa katikati ya Atlantiki. Chini ya ufa huo kuna kina kinachozidi mita 7,700, ingawa kizingiti kinachoamua nani apite kiko karibu na mita 4,350. Hapo sehemu ya maji inavuka kwenda mashariki na kuyajaza mabonde yaliyo upande wa Afrika, pamoja na lile la Angola, ambalo kwa ramani ya juu juu lingeonekana kuwa la kwanza kufikiwa kutoka kusini. Vipimo vya joto vya meli ya Kijerumani Meteor, iliyofanya kazi Atlantiki ya kusini kati ya 1925 na 1927, ndivyo vilivyoipa njia hiyo ushahidi mzito.

Rangi yangu ilifika bonde la Argentina na ikasimama. Wastani wa nyuzi 1 umeufuta Mfereji wa Vema, na hata kama ungebaki, Romanche nayo imezibwa. Mabonde ya mashariki hayakupata hata tone.

Hapo ndipo kiini cha mradi kilipo, na nitakiandika waziwazi. Kulainisha ramani hakuyadhuru matuta sana, kwa kuwa ni mapana. Kunayaua mapengo, kwa kuwa ni membamba. Mikondo ya juu huongozwa na matuta. Maji ya chini huongozwa na mapengo. Kwa hiyo modeli inaweza kufaulu mtihani wa juu, hata wa mita 1,000, huku chini imekosea kabisa, na anayeangalia juu peke yake hatakuwa na sababu ya kushuku.

Watu wa zamani walilifikia pengo kutoka upande wa pili, wakiwa na kipimajoto na kamba. Charles Wyville Thomson na wenzake, kwa meli za Lightning na Porcupine mwaka 1868 na 1869, walipima joto la maji kati ya Scotland na Visiwa vya Faroe. Wakakuta maji ya kina kilekile, katika sehemu mbili zilizo karibu, yana joto tofauti kabisa: upande mmoja yanakaribia kuganda, upande mwingine siyo. Maji mawili ya namna hiyo hayawezi kukaa jirani bila ukuta kati yao. Ukuta ulitafutwa na kupatikana miaka ya 1880, na leo unaitwa Mgongo wa Wyville Thomson. Walijua umbo la sakafu kwa kuyasikiliza maji kabla hawajaliona.

Maji baridi yanayozuiwa na mgongo huo yanatafuta njia nyingine, na njia yenyewe ni mfereji wa Fungu la Faroe, wenye kizingiti cha karibu mita 840, ambapo takribani Sverdrup 2 hupita. Magharibi zaidi, kati ya Iceland na Greenland, kizingiti cha Mlangobahari wa Denmark kina kina cha mita 600 na zaidi kidogo, na Sverdrup 3 hivi zinapita juu yake na kuporomoka kwenye mteremko hadi kina cha mita zaidi ya 3,000, zikiyavuta maji ya jirani njiani. Sehemu kubwa ya maji mazito yanayojaza kina cha Atlantiki ya Kaskazini inatokana na milango hiyo miwili myembamba. Kinachoamua kiasi ni kimo cha maji mazito yaliyorundikana nyuma ya kizingiti, yakipimwa kutoka kizingitini kwenda juu. Kwa kizingiti kipana, nadharia ya John Whitehead na wenzake ya mwaka 1974 inasema kiasi hicho hukua kwa mraba wa kimo. Kimo kikiongezeka mara mbili, maji yanayopita yanakuwa mara nne. Sasa fikiria ramani iliyokosea kizingiti kwa mita 100 pale ambapo rundo lote ni mita mia chache. Kosa halibaki la mita 100.

Agosti: kuchimba

Dawa inayotumiwa na wajenzi wa modeli ni kuchimba kwa mkono: unatafuta kwenye ramani kamili kina cha kizingiti, kisha unakiandika kwenye kisanduku cha gridi hata kama wastani unasema vingine. Nimefanya hivyo kwa Vema, Romanche, Faroe na Denmark. Kwa vile kisanduku cha kilomita 111 ni kipana kuliko pengo lenyewe, nimeweka pia kikomo cha upana, ili maji yapite kwenye sehemu tu ya ukuta wa kisanduku. Bila kikomo hicho Vema ilipitisha maji mengi kuliko Sverdrup 4 hivi zilizopimwa na wanasayansi huko.

Rangi imevuka ikweta na kuingia mashariki kupitia Romanche, halafu ikageuka kusini kuelekea bonde la Angola. Nilifurahi sana kuiona inashuka upande ule.

Bado kuna jambo la pili ambalo sakafu hulifanya na modeli yangu inalipuuza. Maji baridi yaliyoingia bondeni lazima yapande tena siku moja, la sivyo mabonde yangejaa na mtiririko kukoma. Yanapanda kwa kuchanganyika na maji ya juu yake, na mchanganyiko huo hautokei kwa usawa kila mahali. Vipimo vya bonde la Brazil vya miaka ya 1990 vilionyesha kuwa juu ya sakafu laini ya magharibi mchanganyiko ni hafifu, na juu ya miteremko yenye makunyanzi ya mgongo wa katikati ni mkubwa kwa mara nyingi. Kupwa na kujaa huyasogeza maji mbele na nyuma juu ya makunyanzi hayo, mawimbi ya ndani yanazaliwa na kuvunjika. Gary Egbert na Richard Ray walikadiria mwaka 2000, kwa vipimo vya setilaiti, kwamba takribani terawati 1 (wati trilioni moja) ya nguvu ya kupwa na kujaa inaishia kwenye bahari ya kina, hasa palipo na sakafu korofi. Kwa hiyo nimeanza kuongeza kwenye modeli ramani ya ukorofi: badala ya wastani wa kina peke yake, kila kisanduku kinabeba pia kiasi ambacho vina vyake vinatofautiana. Taarifa hiyo ilikuwemo kwenye GEBCO tangu mwanzo; wastani ndio ulioitupa.

Linaloendelea sasa

Nimehamia Pasifiki. Maji ya chini yanayokwenda kaskazini huko hupita kwa wingi kwenye Pengo la Samoa, ambako karibu Sverdrup 6 zimepimwa. Pengo hilo ni tatizo gumu kuliko Romanche, kwa kuwa ndani yake limegawanyika kuwa vijia vyenye vizingiti vya vimo tofauti, na maji yanaporomoka na kuchanganyika kwa nguvu baada ya kila kizingiti. Nimeandaa matoleo mawili ya modeli: moja lina pengo moja pana linalolingana na jumla ya vijia vyote, lingine lina vijia viwili vyenye vizingiti vyake, kila kimoja kikiwa na kikomo chake cha upana. Yote mawili yanaendeshwa kwa upepo uleule na rangi ileile. Nitakacholinganisha ni joto la tabaka la chini kaskazini mwa pengo, kwa sababu ndilo linalobeba alama ya njia ambayo maji yalipita, na vipimo vya meli vya kulilinganisha navyo vipo.